Nakuuzia mwavuli, sikuuzii ndago

Kila masika nasikia kauli ileile: "Kijana wa bustani kaung'oa, kasema ni ndago." Basi Cyperus involucratus, ule mmea tunaouita mwavuli, unaishia jalalani, na ndago yenyewe imebaki pale pale inachekelea.

Undugu upo, sikatai. Zote ni Cyperus. Ila ndago, Cyperus rotundus, husafiri chini ya ardhi: inatoa mizizi myembamba inayotambaa na kufunga vijiazi vyeusi, kimoja baada ya kingine. Ukipiga jembe umekata mnyororo tu, na kila kijiazi kilichobaki kinachipua kivyake. Ndiyo maana inakushinda. Mwavuli hauna vijiazi. Shina lake la chini ni fupi na nene, na kichaka hupanuka polepole papo hapo kilipo. Fukua uone, ndipo tubishane. Cha kuchunga kwake ni mbegu: penye mto au mtaro wenye maji huota zenyewe, na huko Australia umeshageuka mmea vamizi. Kwa hiyo usiupande ukingoni mwa mto, na vichwa vikianza kukauka vikate kuanzia chini ya shina. Kwenye chungu barazani, utakwenda wapi?

Isitoshe, ndago inataka jua. Chini ya mwembe hunyong'onyea. Ukiikuta ndani ya chungu chako imeingia na udongo wa shamba, kwa hiyo kamuulize aliyekuletea lori la udongo, mimi uniache.

Kauli nyingine za wateja nazijibu haraka. "Maji mengi yataozesha mizizi." Si mizizi ya mwavuli, kwao ni kandokando ya maji, na unaweza kukaa kwenye sahani yenye maji mwaka mzima. Ncha zikiwa kahawia, mara nyingi ni kiu. "Unaleta mbu." Mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama, hayo ya sahani yako. Yamwage mara mbili kwa wiki, tia mapya.

"Weka kokoto chini maji yapite." Hayapiti upesi zaidi. Hukwama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, nawe umeipunguzia mizizi nafasi. Toboa chungu, basi.

"Kivuli ni kivuli." Kwenye giza la uchochoro mashina hurefuka yakalala chini. Tafuta jua la asubuhi, au mwanga unaopenya kwenye matawi. Na Carex oshimensis, mmea mwingine wa mapambo, ile ya majani yenye mstari wa krimu, asili yake ni misitu ya Japani: haipendi dimbwi, haipendi joto. Lushoto sawa. Dar utaitesa.

La mwisho: wateja wanadhani lazima warudi kwangu kununua mche wa pili. Kata kichwa cha mwavuli, acha kipande kifupi cha shina, punguza majani nusu, kisha kipindue kwenye bakuli la maji. Kitatoa mizizi na vichipukizi vipya. Nakwambia hivyo, na miche ndiyo biashara yangu.