Kuomba msaada si lazima baba watoto afungwe

Juzi kwa mfereji wa maji jirani yangu, jicho limevimba amelificha na leso, ananiambia hawezi ripoti juu wakimshika baba watoto nani atalipa karo. Hii maneno nimeisikia mara nyingi, watu wanadhani msaada ni njia moja tu, polisi halafu jela.

Sivyo. Hapa Kenya kuna sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya vurugu za nyumbani, na kwa hiyo sheria unaenda kortini kuomba amri ya ulinzi, si kesi ya jinai, yaani mzee hafungwi juu umeomba, anaambiwa asikuguse, asikutishe, akae mbali, akivunja hiyo amri ndio sasa anajitafutia jela mwenyewe. Na ile ya "nitaenda wapi na watoto"? Korti inaweza kusema yeye ndiye atoke mbaki nyinyi, hata kama nyumba ni yake kwa karatasi (hapa ndipo watu hushtuka).

Pia si lazima uwe na alama mwilini. Kunyimwa pesa makusudi, kutishwa, kufuatwa-fuatwa, zote zimo, na mwanaume pia anaweza omba.

Hujui pa kuanzia? Piga 1195, ni bure, usiku na mchana, watakuelekeza. Lakini kama ni ubakaji kimbia hospitali kwanza, polisi baadaye, dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72.