WBC iko normo lakini kidole tumbo kimeshapasuka: ninavyosoma damu kabla ya kisu

Usiku ule ulikuwa wa mwezi wa saba, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba anaijua aliyewahi kulala huku bila blanketi la pili. Thieta inayofanya kazi ni moja, ndani kuna mama anafanyiwa upasuaji wa kujifungua, mwingine yuko mlangoni anasubiri, na mimi nina wagonjwa wawili wa kidole tumbo wodini. Mmoja kijana wa chuo, maumivu yameanza asubuhi ileile. Wa pili mzee wa miaka sitini na kitu, kaletwa na Noah kutoka upande wa Chunya, tumbo linamsumbua siku ya tatu, na njiani huko kote alikuwa anameza antibaiotiki za duka la dawa, mbili leo, moja kesho, anavyojisikia.

Nani anatangulia?

Intani wangu kaja na majibu ya FBP, kile kipimo cha jumla cha damu, ameshaamua. "Dokta, kijana ana WBC 14.2, huyu ndo kazidiwa. Mzee 7.8, si iko normo?" Na ukiwaangalia ungemuunga mkono, maana kijana anagugumia kila akigeuka, mzee kalala kimya kajifunika koti lake, ukimpa shikamoo anaitikia marahaba mwanangu kwa sauti ya chini. Nikamwambia usiishie mstari wa kwanza, shuka chini.

Sasa hapa ndo nilitaka kuongelea, kwasababu watu wengi, na sisi madokta tumo, tunaisoma FBP kama matokeo ya mpira, namba moja kubwa tunafunga karatasi. Ile WBC ni jumla tu ya seli nyeupe zote, inahesabiwa kwa maelfu. Chini yake mashine inazigawa. Zipo neutrofili, hizi ni kama mgambo, tukio likitokea wao wanafika kwanza. Zipo limfosaiti, ambazo mwili ukiwa kwenye shida kubwa homoni ya kotisoli inapanda na zenyewe zinapungua kwenye damu. Kwahiyo ugonjwa ukikolea neutrofili zinapanda, limfosaiti zinashuka, na ukigawanya ya kwanza kwa ya pili unapata uwiano ambao sisi tunauita NLR. Haina gharama ya ziada hata shilingi, ni kalkuleta ya simu.

Kijana: neutrofili asilimia 78, limfosaiti 16. Gawanya, 4.9. Mzee: 88 kwa 7. Hiyo ni 12.6. Mwaka 2020 ulitoka uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, ukasema ikizidi 4.7 fikiria apendisaitisi, yaani kidole tumbo (apendiksi) kuvimba, ikizidi 8.8 fikiria ile iliyoharibika, yaani imeoza au imepasuka. Mimi sizichukulii hizo namba kama msumeno, lakini 12.6 kwa mtu wa siku tatu haikuachi ukanywe chai.

Alafu kuna hili la 7.8 yenyewe. Waafrika wengi neutrofili zetu ziko chini kiasili, ni mambo ya kurithi, yanahusiana na kukosa alama inayoitwa Duffy kwenye seli nyekundu, mabadiliko yaleyale yaliyotukinga na malaria ya vivaksi. Sio ugonjwa. Ila mashine ya maabara haijui hilo, mara nyingi viwango vyake vimetokana na damu za watu wa Ulaya na Marekani, kwahiyo inaweka kaherufi H (iko juu) pembeni ikizidi kumi au kumi na moja na ikikaa kimya sisi tunatulia. Mtu ambaye siku zote yuko kwenye 3.5, akifika 7.8 ameshazidisha mara mbili! Hata skoa ya Alvarado ya mwaka 1986 tunayoipenda, ile ya pointi 10 ya kupima uwezekano wa apendisaitisi, inatoa pointi 2 nzima kwa WBC iliyozidi elfu kumi, mzee wangu hizo kazikosa. Ongeza na uzee, ongeza na zile antibaiotiki za nusunusu.

CRP, kipimo cha damu kinachopanda kukiwa na uvimbe mwilini, ningeitaka sana usiku ule ila vitendanishi vilikuwa vimeisha, tuendelee. (Ukiwa nayo kumbuka tu inachelewa, inaanza kupanda baada ya masaa sita hivi mpaka kumi na mbili na kilele chake ni kama siku ya pili. Kwahiyo CRP ya chini kwa mtu aliyeanza kuumwa mchana huu haikuambii kitu, lakini CRP ya chini kwa mtu wa siku ya tatu inatuliza roho kweli.)

Tulichokuwa nacho ni bilirubini na sodiamu. Watu wanashangaa bilirubini inaingiaje kwenye apendiksi, si ni mambo ya ini na macho ya njano? Damu inayotoka kwenye utumbo hairudi moyoni moja kwa moja, inapita kwenye ini kwanza. Kidole tumbo kikianza kuoza, bakteria na sumu zake zinapanda na damu hiyohiyo mpaka kwenye ini, ini linashindwa kutoa nyongo vizuri, bilirubini inapanda kidogo, sio ya kumfanya mtu awe njano, ila kwenye karatasi inaonekana. Ya mzee ilikuwa 38, wakati kawaida ni chini ya 21 hivi. Kijana 11.

Sodiamu mzee 129, kijana 139. Kawaida inaanzia 135. Mwili wenye moto mkubwa ndani unatoa homoni inayozuia maji yasitoke, maji yanajaa na chumvi inakuwa hafifu, kama supu uliyoongezea maji wageni walipofika bila taarifa. Kwa watoto hasa, mimi nikiona sodiamu imeshuka na tumbo linauma upande wa kulia chini, nakaa macho.

Ila msije mkaondoka na hizi namba mkadhani zinatosha, nilishadanganywa upande wa pili pia. Mama mmoja katoka Kyela, kule bondeni kwenye joto na mbu, NLR juu, bilirubini juu, tumbo la kulia linauma, tumeshaanza kumwandaa, mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikatoka mistari miwili. Malaria. Aliondoka na dawa tu. Na huku kwetu Mbeya, Iringa na Njombe VVU iko juu kuliko sehemu nyingi za nchi, VVU inashusha limfosaiti, kwahiyo NLR ya mtu asiye kwenye dawa inaweza kuwa kubwa hata akiwa mzima wa tumbo. Mjamzito WBC inapanda yenyewe. Seli mundu, bilirubini iko juu siku zote. Kwangu mimi mkono juu ya tumbo na ultrasaundi ndo vinaniambia kama ni apendiksi, damu inanisaidia kujua imefika wapi na nani hawezi kusubiri.

Na kusubiri kwenyewe sio dhambi. Mwongozo wa kimataifa wa 2020 unasema apendisaitisi ambayo haijaharibika inaweza kukaa hospitalini mpaka masaa 24 bila kuongeza madhara, na mwaka 2023 Finland na Norway walilinganisha kufanyiwa ndani ya masaa 8 na ndani ya masaa 24, kupasuka hakukutofautiana. Tatizo wao wana CT, mashine ya picha za ndani ya mwili, ya kuwaambia ipi haijaharibika, sisi saa saba usiku tuna karatasi ya FBP na kalkuleta.

Mzee akaingia. Tulipofungua usaha ulitoka wenyewe kabla sijaweka mkono, tukafyonza zaidi ya nusu lita, kidole tumbo cheusi kimetoboka karibu na shina, na ndani yake kipande cha kinyesi kigumu kama punje ya hindi ndo kilikuwa kimeziba. Kijana alipewa dripu, antibaiotiki na dawa ya maumivu, saa nne asubuhi tukamtoa chake, kimevimba kimeiva wekundu, hakijapasuka.

Kesho yake mtoto wa mzee ananiletea koti, kwenye mfuko kuna karatasi imekunjwa mara nne, FBP ya zahanati ya siku mbili nyuma. WBC 11.9, limfosaiti asilimia 21. Yaani jumla ilishuka huku uwiano unapanda, na hiyo karatasi ilikuwa juu ya kitanda chake usiku kucha, hakuna aliyemuuliza. Saivi nauliza mgonjwa swali hilo kabla ya jina: baba, una karatasi yoyote ya kule ulikotoka?