Betri ya laptopu haihitaji kuisha kabisa ndipo ichajiwe

"Usichaji mpaka izime yenyewe, utaiua betri." Ushauri huu bado unasikika madukani. Ulikuwa na mantiki enzi za betri za nikeli-kadimiamu. Laptopu za leo hutumia betri za lithiamu-ayoni, zilizoingia sokoni mwaka 1991, na hapo mambo ni kinyume: kuishusha hadi 0% kila mara ndiko kunakoichosha. Chomeka ikifika 20% au 30%. Ukichaji nusu saa kisha ukachomoa, hakuna kinachoharibika.

Je, kuiacha kwenye umeme kutwa? Haijai kupita kiasi, kwa sababu saketi yake hukata chaji ikishajaa. Kinachoizeesha ni joto, hasa likikutana na betri iliyokaa 100% wiki nzima. Kama laptopu yako haitoki mezani, tafuta kwenye mipangilio kikomo cha chaji cha 80%; nyingi za miaka ya karibuni zinacho. Na usiiweke juu ya godoro: matundu ya hewa ya chini huziba, feni ikavuma bure.

Kujua hali ya betri kwenye Windows, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, fungua faili la ripoti litakalotajwa hapo, kisha linganisha DESIGN CAPACITY (uwezo wa betri ikiwa mpya) na FULL CHARGE CAPACITY (uwezo wake wa sasa ikijaa). Ya pili ikiwa nusu ya ya kwanza, betri imechoka kweli.

Padi ya kugusa ikianza kunyanyuka, betri imevimba. Zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, maana inaweza kuwaka moto. Mpelekee fundi aitoe.