Kato si ukoo, hata kama unaishi Nyakato

Mwezi uliopita aliingia ofisini kwangu hapa Mwanza kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama, akaniamkia kwa heshima zote, kisha akatandaza juu ya meza yangu karatasi ya manila yenye mti wa ukoo uliochorwa kwa kalamu za rangi. Juu kabisa aliandika KATO kwa herufi kubwa, na chini yake matawi yalitambaa kwenda Muleba, Masaka na Entebbe, na tawi moja likavuka bahari hadi Japani, ambalo alilichora kwa nukta nukta kwa sababu, kama alivyosema, "hilo bado nalifanyia kazi, mzee wangu." Shida yake ilikuwa nyumba ya marehemu mmoja ambaye hakuacha watoto, nyumba aliyotaka kuirithi. "Marehemu ni Kato, mimi ni Kato, na nyumba yenyewe iko hapa hapa mjini, mtaa wa Nyakato. Mahakama inataka ushahidi gani zaidi ya huo?"

Huyo alikuwa wa tatu mwaka huu. Wawili wa kwanza niliwaeleza kwa upole, mmoja mmoja, nikiwa nimeketi. Kwa huyu wa tatu nimeamua kuandika, ili wa nne asome kabla hajapanda daladala kuja kwangu.

Kato ni jina la pacha. Kwa Wahaya, na kwa jirani zao wa Ankole na Bunyoro, pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa ni Ishengoma au Isingoma, na anayemfuata ni Kato; wakiwa wasichana ni Nyangoma na Nyakato. Kwa Waganda wa kiume ni Wasswa na Kato, wa kike ni Babirye na Nakato, na wakichanganyika kila mmoja hupewa jina kulingana na jinsia yake na zamu yake, kwa hiyo msichana akitangulia na mvulana akafuata utapata Babirye na Kato. Jina hili halichaguliwi na baba wala babu, wala halirithiwi kutoka kwa mtu. Mtoto hufika nalo, kwa sababu ametoka wa pili, basi.

Sasa fuatilia kitakachotokea mapacha hao wakikua, maana hapa ndipo ninapopoteza subira. Ishengoma na Kato wamezaliwa usiku mmoja na mama mmoja. Ishengoma anaoa, watoto wake wanaandikishwa shuleni kwa jina la baba yao, wanakuwa akina Ishengoma. Kato naye anaoa, watoto wake wanakuwa akina Kato. Watoto wa mtu na wa pacha wake, ambao kwa desturi yetu ni ndugu kabisa na hakuna awezaye kuwatenga, wanabeba majina ya mwisho mawili tofauti, wakati mtu wa Masaka asiyewahi kuiona Bukoba hata kwenye picha anabeba jina lile lile la upande mmoja wao. Jina lingekuwa ukoo, basi mapacha waliolala tumbo moja wangekuwa wa koo mbili! Nimewahi kusimamia shauri ambamo upande wa pingamizi ulidai kwamba wajumbe wa kikao cha ukoo walikuwa wageni kwa sababu "hakuna hata Kato mmoja kati yao." Hakukuwa na Kato kwa sababu wote walikuwa watoto wa Ishengoma, na hakuna watu waliokuwa karibu zaidi na marehemu kuliko hao.

Lawama sehemu yake naipeleka kwenye fomu. Fomu nyingi za nchi hii zina nafasi tatu za majina, na ile ya mwisho huandikwa bila haya "jina la ukoo." Mtu anayejaza hana jina la ukoo la kuandika pale, ana jina lake, jina la baba, na labda la babu, kwa hiyo huandika la babu, na karani hugonga muhuri, na kuanzia siku hiyo babu aliyeitwa hivyo kwa sababu alizaliwa wa pili anageuka kuwa ukoo mzima. Kizazi kinachofuata kinakuta jina limeshaganda kwenye vyeti na hakithubutu kulisogeza, kwa kuwa kulisogeza maana yake ni hati ya kiapo, hati ya kubadili jina, na foleni. Majina yetu ya mwisho mengi ni majina ya watu waliokuwa hai miaka sitini au mia moja iliyopita, yaliyokwama pale walipokutana na shule, misheni au ofisi ya serikali.

Anayedhani natia chumvi na amtazame Mwalimu. Baba yake alikuwa mtemi wa Wazanaki aliyeitwa Nyerere Burito, yaani Nyerere mwana wa Burito, na jina Nyerere alipewa kwa sababu ya viwavijeshi vilivyovamia nchi alipozaliwa. Mwanawe alizaliwa Butiama mwaka 1922 siku ya mvua, akapewa jina la Kambarage, ambalo ni la mzimu wa mvua, na Julius ni la ubatizo wa mwaka 1943. Kwa mtindo ule ule uliompa mtemi jina lake, watoto wa Mwalimu wangekuwa akina Kambarage. Lakini jina liliganda, na leo viwavi wana uwanja wa ndege Dar es Salaam, hifadhi ya taifa, bwawa la umeme Rufiji na barabara ninayopita kila asubuhi hapa Mwanza. Hakuna anayesema kwamba wote wanaokaa kando ya Barabara ya Nyerere ni Wazanaki. Kwa nini basi kwa Kato akili inalegea?

Nadhani najua kwa nini, na katika hili niwatendee haki wanaokosea. Kwa Waganda yapo majina yanayomilikiwa na koo. Kila ukoo una akiba yake ya majina, na mtu mzima anayejua mila akisikia jina lako anaweza kutaja ukoo wako na mwiko wako kabla hujaketi. Kwa hiyo anayesema "jina linaonyesha ukoo" hajatunga. Amesikia jambo la kweli na kulipeleka mahali pasipo pake. Majina ya mapacha yako nje ya akiba hiyo. Mapacha huzaliwa katika koo zote, kwa hiyo Kato yupo katika koo zote, na ndiyo maana Mganda aitwaye Kato huwa na jina lake jingine la ukoo pembeni, ambalo wanaochora miti ya manila hawaliulizii kamwe. Kwa Wahaya jina haliwezi kukusaidia hata kiasi hicho, kwa kuwa mengi ni sentensi zilizofupishwa: Tibaijuka, kwa mfano, ni kusema kwamba hawakumbuki. Ukoo, yaani oruganda, unatajwa kwa jina lake lenyewe na kwa omuziro wake, yaani mnyama wake wa mwiko. Ababito wana pongo, Abahinda wana tumbili. Hayo hayana nafasi kwenye kitambulisho cha taifa, ambacho kina tarakimu 20 na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa tu.

Tena jina hili limewahi kugombaniwa na wakubwa kuliko sisi. Masimulizi ya Bunyoro yanasema kwamba Isingoma Mpuga Rukidi, mwanzilishi wa watawala wa Babiito, alikuwa na pacha, Kato Kimera, aliyekwenda kutawala Buganda. Buganda nao wana Kimera, lakini kwao ni mwana wa Kalemeera na Wannyana, wala si mdogo wa mtu yeyote wa Bunyoro. Tazama uzito uliobebwa na silabi mbili: ukikubali "Kato" mbele ya jina lake umekubali kwamba Buganda ilizaliwa ya pili, ukiliondoa, Buganda haidaiwi na mtu. Pande zote mbili zinaelewa vizuri kwamba Kato ni nafasi ya kuzaliwa, na ubishi wao wote unasimama juu ya maana hiyo hiyo ambayo mteja wangu aliirukia.

Tawi la Japani kwenye manila ya yule kijana nalipitia haraka. Kato wa Japani, ambaye kwao huvutwa mwishoni, huandikwa kwa alama mbili, moja ya jimbo la kale la Kaga na nyingine ya jamaa ya Fujiwara, na ni miongoni mwa majina kumi yaliyo mengi zaidi nchini humo. Huko nako jina si damu, kwa kuwa watu wa kawaida walilazimishwa na sheria kuwa na jina la familia mwaka 1875 tu, na wengi walichukua lililokuwa karibu. Japani ilipata mawaziri wakuu wawili walioitwa Kato kwa karibu sana: Kato Tomosaburo, jemadari wa majini kutoka Hiroshima, aliyefariki madarakani mwaka 1923, na Kato Takaaki, mwanadiplomasia, aliyefariki madarakani mwaka 1926. Huyu wa pili alizaliwa katika familia ya Hattori na kuasiliwa na akina Kato. Upo pia mji wa Kato katika mkoa wa Hyogo, unaoandikwa kwa alama nyingine kabisa. Kipo kijiji cha Kato milimani Guyana. Na Wahungari humwita Kató msichana aitwaye Katalin. Tukiendelea hivi tutafika kwenye makato ya mshahara, na hao kwa hakika ni ukoo mmoja, maana kila mwisho wa mwezi wanafika wote.

Kuhusu Nyakato ya Mwanza, ambako malori ya Barabara ya Musoma hupita usiku na mchana, ni kweli kwamba jina linafanana na la pacha wa kike wa pili, na ni kweli kwamba kuna Nyakato nyingine huko Bukoba yenye shule ya sekondari inayojulikana. Lakini mtu anayeishi mji huu anapaswa kusikia jinsi ulivyojaa majina yanayoanza na "nya": Nyamagana, Nyegezi, Nyasaka, Nyamanoro, Nyakahoja, Nyakabungo, Nyamhongolo. Kiambishi hicho kimetapakaa pande zote za ziwa katika majina ya watu, vilima na vijito. Kuchomoa Nyakato peke yake kutoka kwenye orodha hiyo na kumkabidhi Kato ni sawa na kudai kwamba Nyamagana ni dada wa mtu aitwaye Magana. Na hata kama mtaa ungeanzishwa na Nyakato mwenyewe kwa mkono wake, kiwanja huthibitishwa kwa hati au kwa barua ya toleo, si kwa irabu.

Wenyeji wa hapa, Wasukuma, wana Kulwa na Doto, bila kujali jinsia, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Wajaluo wa Rorya wana Opiyo na Odongo, na Okello baada yao. Ukilizunguka ziwa lote ukahesabu, utakuta Doto, Kato na Odongo ni mtu mmoja katika lugha tatu, kwa hiyo kama jina lingekuwa udugu, ningetarajia angalau hao waalikane harusini. Doto huandikwa pia Dotto kwenye vyeti vingi, kama lilivyo jina la muogeleaji wa Italia Luca Dotto, na bado sijamwona Kulwa yeyote akimdai fungu.

Sasa nikiri udhaifu wa upande wangu, kwa sababu mihadhara ya mirathi huuruka. Nasema jina halithibitishi udugu, lakini jalada jipya likifika mezani, macho yangu huanza kwenye jina la mwisho kama macho ya mtu mwingine yeyote, na mara moja lilinipeleka kombo hadi nikawaandikia wito watu wasiohusika. Omuziro nao, ninaoutukuza hapa, hautoshi: watu maelfu wasiojuana wanashiriki mmoja, na wapo walioingizwa kwa omukago, yaani kuchanjana, ambao wajukuu wao wanajiita wa damu na wanaamini hivyo. Muhtasari wa kikao cha ukoo, ambao Mahakama ya Mwanzo huutegemea sana, nimeuona umeandikwa kwenye ukurasa wa daftari wenye sahihi kumi na moja, zote kwa wino ule ule, na herufi K zote zimeinamia kulia kwa mteremko mmoja. Ninachokiamini zaidi ni mzee wa kike aliyehudhuria mazishi ya watu watatu wa nyumba ile na anayeweza kusema nani alikaa wapi msibani. Ushahidi huo haupigiwi muhuri, na ukimpata leo, shauri likiahirishwa mara nne huenda usimpate tena.

Neno moja kwa wachumba, maana nao huja. Binti Kato na kijana Kato, jina lenu halizuii ndoa. Anayestahili kuulizwa maswali ni binti Kato aliyeposwa na kijana Ishengoma, na ajabu ni kwamba hao hakuna mzee anayewashtukia.

Kijana wangu wa manila nilimpa kazi moja tu: ampigie shangazi yake Muleba amuulize oruganda na omuziro wao. Alipiga pale pale, akaweka sauti nje. Shangazi alijibu haraka kwamba wao ni wa pongo, kisha akauliza ni nani anayetaka kujua na kwa nini. Marehemu, kwa mujibu wa dada yake aliyekuwa amekwisha kufika kwangu wiki iliyotangulia na cheti cha ubatizo, alikuwa wa tumbili. Dada huyo ndiye aliyependekezwa na kikao kuwa msimamizi wa mirathi, pamoja na mtoto wa pacha wa marehemu. Jina la mwisho la mtoto huyo ni Ishengoma. Kijana alikunja manila yake taratibu, akauliza kama tawi la Japani lina matumaini yoyote, nikamwonyesha mlango.