Dragi kwini si malkia wa unga

Machi 2025 nilikuwa kwa kinyozi nasubiri zamu, na kijana mmoja akawa anawasomea wenzake habari kwenye simu. Msanii wa Uingereza aitwaye The Vivienne alifariki Januari akiwa na miaka 32, na sasa familia yake imetangaza kwamba moyo na pumzi vilisimama kwa sababu ya dawa iitwayo ketamini. Habari ilikuwa sahihi. Kilichoharibika ni tafsiri aliyoongeza mwenyewe: "Si ndiyo maana wakamwita dragi kwini? Malkia wa unga!" Kinyozi akatikisa kichwa kwa huzuni, mashine ikaendelea kunguruma. Sikusema neno. Wiki hiyohiyo nikaliona kosa lilelile limeandikwa chini ya video, na juzi limetoka kinywani mwa mtu ninayemheshimu, tena mwalimu. Mara tatu zimenitosha.

Dragi ni sanaa ya jukwaani ambamo msanii huvaa jinsia kama vazi na kuitia chumvi makusudi: wigi, kope za kubandika, kiuno cha kutengeneza, sauti, mwendo, na mhusika mzima mwenye jina lake. Anayecheza sura ya kike ni dragi kwini, anayecheza ya kiume ni dragi kingi. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kuchanganya neno hili na dawa za kulevya sikuiti ujinga. Kwa Waingereza maneno hayo mawili, "drag" ya jukwaani na "drug" ya kulevya, yana irabu mbili tofauti. Sisi tuna "a" moja, nayo inabeba zote mbili bila kulalamika, kwa hiyo yakifika masikioni mwetu yanakuwa mapacha. Sikio limefanya kazi yake kama lilivyozoea. Tatizo ni pale mtu anapojenga hoja juu ya mapacha hao.

Kosa linaloniudhi zaidi ni jingine, nalo hutoka kwa watu waliosoma. Watakwambia kwa kujiamini kwamba dragi ni kifupisho: Shakespeare alikuwa akiandika herufi nne, D, R, A na G, yaani "dressed as a girl", pembeni mwa tamthilia zake ili mwigizaji ajue kwamba hapa anavaa kama msichana. Hadithi tamu. Ina hata kipande cha ukweli kilichoibeba, kwa sababu enzi za Shakespeare, aliyekufa 1616, Juliet na Cleopatra walichezwa na wavulana. Waigizaji wanawake walianza kuonekana kwenye majukwaa ya hadhara ya Uingereza mwaka 1660. Lakini hakuna tamthilia ya Shakespeare yenye herufi hizo pembeni. Na mtindo wa kuunda neno kwa kuokota herufi za mwanzo ni wa juzi. Waingereza wenyewe walipata jina la kuuitia kwenye miaka ya 1940.

Nasi tunaupenda mchezo huu. Nani hakuambiwa shuleni kwamba neno la Kiingereza la habari, "news", ni herufi za kwanza za pande nne za dunia? Nani hajakutana na mzee anayeapa kwamba "Swahili" ni "siwa hili", ilhali limetoka kwenye sawahil ya Kiarabu, yaani pwani, kwa wingi? Neno likikosa baba, kila mtaa unamtafutia.

Baba wa dragi, kwa kadiri maandishi yanavyotufikisha, anapatikana London ya karne ya 19, miongoni mwa watu wa maigizo. Aprili 1870 polisi waliwakamata vijana wawili waliokuwa wamevaa magauni wakitoka Strand Theatre: Ernest Boulton na Frederick Park, ambao marafiki zao waliwaita Stella na Fanny. Mji mzima ulijaa gumzo. Barua zao zikasomwa hadharani, na magazeti ya mwaka huohuo yakachapa neno hili kwa maana ya nguo za kike zilizovaliwa na mwanamume. Ni miongoni mwa mara za kwanza kabisa kulikuta kwenye maandishi. Kesi ilisikilizwa Mei 1871, juri ikawaachia huru. Neno nalo likaachiwa likazurura.

Lakini kwa nini neno hilo? Kwa Kiingereza cha kawaida maana yake ni kuburura. Maelezo yanayokubalika zaidi ndiyo mepesi zaidi: gauni la enzi zile liliburura chini. Mwanamume aliyezoea suruali akivaa sketi yenye marinda matatu ndani, kitu cha kwanza anachokisikia ni ule uzito unaomfuata nyuma sakafuni. Yeyote aliyewahi kukanyaga mkia wa gauni la bibi harusi ukumbini, akageukiwa na mashangazi wote kwa pamoja, anajua uzito ninaousema. Wapo wanaolitafuta kwenye Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, ambako kuna kitenzi kinachofanana nalo chenye maana ya kubeba au kuvaa. Inawezekana. Mimi nabaki na sakafu.

"Kwini" nayo si malkia kwa unyoofu unaodhaniwa. Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili ya ukoo mmoja, moja la mke wa mfalme na jingine la mwanamke yeyote. Hili la pili lilishuka daraja taratibu hadi likawa tusi kwa mwanamke asiye na adabu, na baadaye likaelekezwa kwa wanaume walioonekana kuwa laini. Matamshi yamekuja kulingana. Walioitwa hivyo kwa kejeli wakalichukua tusi wakalivisha taji. Huko Washington, miaka ya 1880, William Dorsey Swann, mtu aliyezaliwa utumwani, alikuwa akiandaa ngoma za usiku za wanaume waliovaa magauni ya hariri. Polisi walizivamia, magazeti yakaandika kwa dharau, na wenzake wakamwita malkia.

Uingereza neno liliishi sana ndani ya Polari, lugha ya siri ya watu wa sarakasi, waigizaji, mabaharia na wanaume wapendao wanaume. Siri ilikuwa lazima, kwani mpaka 1967 mapenzi yao yalikuwa jinai katika sheria ya England na Wales. Polari iliokota Kiitaliano, Kiromani cha Waroma wahamaji na Kiyidishi, na mengine ikayasoma kuanzia nyuma: nywele, "hair", zikaitwa "riah". Mtoto wa pwani aliyecheza kinyume na wenzake ili wakubwa wasielewe hahitaji maelezo zaidi.

Nimekaa sana kwenye historia hii kwa sababu inajibu swali ambalo watu hulijibu vibaya: dragi ni mtu wa namna gani? Neno lilianza kama jina la nguo. Nguo huvaliwa, huvuliwa, hutundikwa. Mtazame The Vivienne mwenyewe.

Aliyevaa jina hilo ni James Lee Williams, aliyezaliwa Wales mwaka 1992 na kukulia Colwyn Bay, mji wa pwani ya kaskazini. Alihamia Liverpool akiwa bado kijana mdogo, akafanya kazi ya kupamba watu sura. Jina la jukwaani alilipata kwa kupenda mno mavazi ya mbunifu Vivienne Westwood. Nguo tena, unaona. Miaka ikapita kwenye klabu za usiku, kazi ya kuimba na kutania walevi hadi waliokuja kuzomea wacheke. Mwaka 2015 alichaguliwa kuwa balozi wa Uingereza wa RuPaul's Drag Race, shindano la runinga la Marekani. Oktoba 2019 shindano hilo lilipopata toleo lake la Uingereza, BBC Three ikaonyesha washindani 10, na Novemba akaibuka mshindi.

Kwa asiyeliona: ni shindano la aina ya rialiti ambamo washiriki hushona, huigiza, hucheza na kutania, na walioshindwa wiki hiyo hupambana wawili wawili kwa kufuatisha wimbo kwa midomo. Mmoja hufunga virago. Toleo la Uingereza lilikuwa na kichekesho chake. BBC huendeshwa kwa ada za watazamaji, kwa hiyo hapakuwa na kitita cha fedha kama kile cha Marekani. Aliyeshinda wiki alipewa beji, kwa kuigiza beji maarufu ya kipindi cha watoto cha Blue Peter. Watu wazima wakatokwa jasho ndani ya sponji na kamba kwa ajili ya kipande cha plastiki! Mshindi wa mwisho alipata nafasi ya kutengenezewa mfululizo wake wa mtandaoni Hollywood.

Kilichonikaa akilini ni zoezi la kuigiza watu mashuhuri. Mshindani mwenzake, Baga Chipz, alimchukua Margaret Thatcher. The Vivienne alimchukua Donald Trump, na alimpata barabara: midomo, mikono, pumzi. Baadaye wawili hao wakapewa kipindi cha mtandaoni wakiwa ndani ya sura hizohizo, kama watangazaji wa asubuhi. Sasa anayesema "dragi ni mwanamume kujifanya mwanamke" atueleze: mwanamume, ndani ya mhusika wa kike, anayemwigiza mwanamume, amejifanya nani?

Mwaka 2022 alikwenda Marekani kushindana na mabingwa watupu, yeye peke yake akitoka nje ya nchi hiyo. Aliyeshinda ni Jinkx Monsoon. Mwaka 2023 akaingia Dancing on Ice, shindano la kucheza kwenye barafu la runinga ya ITV, msanii wa kwanza wa dragi kushindana humo, akamaliza wa tatu. Wigi juu ya barafu, mwendo kasi, na vyuma miguuni. Kisha akawa mchawi mbaya wa tamthilia ya muziki The Wizard of Oz, akizunguka miji ya Uingereza na hatimaye West End, mtaa wa majumba makubwa ya maigizo ya London, mwaka 2024. Hiyo ni orodha ya mtu wa kazi, anayekubali mkataba na kuamka mapema kwa ajili ya mazoezi.

Williams alikuwa mwanamume apendaye wanaume, na hakulificha. Hilo lilikuwa maisha yake. The Vivienne ilikuwa kazi yake. Mwaka 2021 toleo lilelile la Uingereza lilimpokea Victoria Scone, mwanamke tangu kuzaliwa, aliyelazimika kuondoka kwa jeraha la goti. Mwaka 2022 likampokea Dakota Schiffer, mwanamke aliyebadili jinsia. Wote ni dragi kwini. Kwa hiyo neno halikwambii mtu analala na nani, wala daktari aliandika nini siku ya kuzaliwa kwake.

Ndiyo maana kulitafsiri "shoga" kunakosea mara mbili. Linakosea maana, halafu linavuruga neno letu wenyewe. Bibi yangu alimwita rafiki yake shoga kwa miaka hamsini, wakiazimana sufuria.

Wala si kila mwanamume aliyejifunga kanga kwenye kichekesho cha simu yuko kwenye dragi. Waingereza wana wahusika wa mama mzee kwenye maigizo ya Krismasi, wanaochezwa na wanaume wenye vifua vya mito, na familia nzima hucheka pamoja na watoto. Wanatania mama. Dragi, mara nyingi, inatania wazo zima la kwamba kuna namna moja ya kuwa mwanamke au mwanamume. Mpaka wenyewe una matope, nakiri. Mchekeshaji Paul O'Grady, na mhusika wake wa kike Lily Savage mwenye ulimi wa wembe, alianza kwenye baa za London na kuishia kuongoza kipindi cha BBC kilichotazamwa na mabibi.

Jambo moja Kiswahili kimeturahisishia. Waandishi wa Kiingereza, kila wakimtaja The Vivienne, lugha yao inawalazimisha kuchagua: wa kike au wa kiume? Sisi tunasema alicheza, alishinda, alifariki. Kiambishi hakiulizi.

Na ketamini? Ni dawa ya ganzi na usingizi, inatumika hospitalini, pamoja na hospitali zetu. Williams aliwahi kusimulia mbele ya kamera za shindano, mwaka 2019, jinsi alivyoitegemea huko nyuma. Baada ya kifo familia ikalisema jambo hilo wazi wenyewe.

Wiki iliyopita nilirudi kwa kinyozi na kijana yule alikuwepo. Nikamweleza kwa ufupi, bila Shakespeare, kwamba unga haumo ndani ya jina hilo. Kama anataka Kiswahili, aseme "msanii wa dragi" na ataeleweka, na ketamini aitaje kwa jina lake, kwenye sentensi yake. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ni gauni la kuburura?"

Nikamwambia ndiyo, la kuburura. Akarudi kwenye simu yake.