12:30 AM ni lini hasa?

Tiketi ya basi ilisema Jumamosi, 12:30 AM. Jumamosi usiku, saa tano na nusu, nikafika River Road, Nairobi, na begi langu, najipongeza kwamba nimewahi. Kijana wa dirishani akaisoma, akanitazama. "Mama, hili gari liliondoka jana usiku."

AM na PM ni vifupisho vya Kilatini. Ante meridiem ni kabla ya jua kufika utosini. Post meridiem ni baada ya jua kupinduka. AM basi huanza saa sita usiku, siku ya kalenda inapobadilika, hadi saa sita mchana. Hiyo 12:30 AM ilikuwa nusu saa tu baada ya Ijumaa kwisha. Wangeandika "usiku wa kuamkia Jumamosi" nisingeachwa.

Saa sita kamili mchana, kwa haki, si AM wala PM, maana jua haliwezi kuwa kabla wala baada ya utosi likiwa utosini. Ila mazoea yameiita 12 PM, kwa kuwa dakika moja mbele tayari ni PM. Saa sita kamili usiku nayo ina utata wake. Ndiyo sababu wenye tahadhari huandika 11:59 PM, au hutumia saa 24 na kuandika 00:30.

Halafu kuna ujumbe wa "tukutane saa 8 AM". Huo naukataa. Ukishasema saa, unahesabu Kiswahili, na saa nane ni ya mchana au ya usiku. Andika 8 AM, au andika saa mbili asubuhi.

La ajabu ni kwamba Nairobi PM huanza kabla ya jua kupinduka. Saa za Kenya zimepimwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, unaopita Somalia, nasi tuko karibu na 37. Jua hutufikia utosini kwa kuchelewa: mwanzoni mwa Novemba kama saa sita na robo, katikati ya Februari karibu saa saba kasorobo. Wanaosali Msikiti wa Jamia wanalijua hili, kwa sababu wakati wa adhuhuri huingia jua likishapinduka, na ratiba yao husogea nalo. Kwa hiyo Februari, simu ikionyesha 12:10 PM, kwa Kilatini chenyewe hapa Nairobi bado ni AM.