Skripti ikigoma kusimama, usikimbilie kuikaba koo

Msimu wa kahawa uliopita, sisi wa kitengo cha TEHAMA chuoni hapa Mbeya tuliitwa Mbozi na chama kimoja cha ushirika. Karani wao, kijana mwepesi wa kujifunza, alikuwa ameandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya Python, ya kuwatumia wakulima ujumbe wa malipo. Katikati ya kazi mtandao ukaanza kusuasua. Akabonyeza Ctrl+C ili isimame; skripti ikaandika "kosa, naendelea" na kurukia jina linalofuata. Akabonyeza tena, yaleyale. Akaona isiwe tabu, akaiua kwa amri ya `kill -9`, kisha akaianzisha upya. Kesho yake wazee wakafika ofisini simu mkononi, ujumbe mara mbili, wanauliza hela ya pili iko wapi.

Ctrl+C huipelekea programu ishara namba 2, SIGINT, na Python huigeuza kuwa kosa liitwalo KeyboardInterrupt. Karani alikuwa ameweka `except:` tupu, yaani mtego wa makosa usiotaja aina ya kosa. Hiyo huzoa kila kitu: mtandao kukatika, jina la kigezo lililokosewa herufi, hata amri ya mwenye programu anayetaka isimame. Tangu Python 2.5 ya mwaka 2006, KeyboardInterrupt iko nje ya ukoo wa Exception, ule wa makosa ya kawaida, kwa hiyo `except Exception:` haiigusi. Hata hiyo mimi siipendi sana. Taja kosa unalolitarajia na ambalo dawa yake unaijua. Usilolijua liache liiangushe programu kwa kelele. Afadhali ianguke saa nne asubuhi kuliko ikosee kimyakimya hadi jioni. Na ikianguka itoke na namba isiyo 0, maana 0 kwa mfumo ni "kazi imekwisha salama".

`kill` bila namba hutuma ishara namba 15, SIGTERM. Huko ni kubisha hodi, ila Python isipoandaliwa kuipokea kwa `signal.signal` hufa bila kupitia `finally`, sehemu ya usafi wa mwisho, jambo ambalo wengi hawalijui. Namba 9 haibishi hodi kabisa. Mfumo unaiondoa programu hapohapo, na hakuna msimbo wako utakaoizuia.

Umeme nao ukikatika ni namba 9 isiyo na mtu. Kwa hiyo usitegemee usafi wa mwisho. Kazi iwe salama popote inapokatika. Faili liandike kwanza pembeni kwa jina la muda, kwenye folda ileile, likikamilika na kusukumwa hadi diskini kwa `os.fsync` ndipo uliweke mahali pa la zamani kwa `os.replace`: la zamani linabaki zima mpaka jipya liwe tayari. Kwa ujumbe wa wakulima tuliongeza safu moja ya hali kwenye hifadhidata. Kabla ya kutuma inaandikwa "unatumwa", baada ya kutuma "umetumwa", na kila badiliko linahifadhiwa papo hapo. Ukianzisha upya, skripti inachukua wasio na alama tu.

Tukaijaribu kwa namba 10 za simu za watu wa pale pale ofisini. Katikati tukachomoa waya wa kompyuta. Ilipowaka, sita walikuwa "umetumwa", watatu hawana alama, na mmoja amekwama kwenye "unatumwa". Ilikuwa namba ya mlinzi. Karani akatoka hadi getini kumuuliza. Mzee akatoa simu mfukoni, na ujumbe ulikuwa umefika.